Hesabu ya Siku za Tunu

Kabla ya adhana ya alfajiri nilisikia maji yakimiminwa kwenye beseni la plastiki, polepole, kama mtu asiyetaka yatoe sauti. Kisha nikasikia nguo ikifikichwa. Nilijua ni mjukuu wangu Tunu, yuko nyuma ya nyumba, anafua kabla watu hawajaamka. Niligeukia ukutani nikatabasamu. Ilikuwa siku ya tatu tangu avunje ungo, na kwetu nguo za mwali hazionwi na mtu.

Sauti ile niliisikia tena siku ya nne, na ya tano. Siku ya sita niliisikia lakini sikutabasamu.

Tunu alikuwa na miaka kumi na minne. Alizaliwa na ualbino, mtoto pekee wa mwanangu Amiri. Mama yake alifariki kwa malaria mtoto akiwa bado ananyonya, na Amiri ni dereva wa malori, wiki hii yuko Tunduma, wiki ijayo hujui yuko wapi. Kwa hiyo Tunu alikulia kwangu hapa Masaki, Kisarawe, katika nyumba ya vyumba viwili yenye mikorosho nyuma. Nilimlea kwa kofia pana na mikono mirefu. Macho yake yalikuwa yanachezacheza, hayatulii, na ubaoni haoni mpaka asogee. Lakini mdomo wake ulikuwa mzima. Akiniona nimevaa khanga mpya alikuwa anasema, "Mke mwenzangu, leo unamwendea nani?" Mimi nilimjibu kwamba babu yake alikwisha kufa, asitafute ugomvi na mjane.

Jambo moja lilinisumbua tangu akiwa mdogo. Akijigonga kidogo tu, kwenye kiti au kwenye mlango, ngozi ilivilia damu ikawa kama zambarau iliyopondwa. Nilisema ni weupe wake, weupe hauna siri. Mara moja, akiwa darasa la nne, alirudi na alama kubwa mgongoni. Sikuuliza. Nilikwenda shuleni nikamtolea maneno makali Mwalimu Telesphory mbele ya watoto, kwamba anampiga mtoto asiye na nguvu. Mwalimu yule alinivutia kiti akasema nipumzike kwanza, jua ni kali. Jioni Tunu akaniambia aliteleza kisimani. Nilipaswa kurudi kuomba radhi, nikaona haya, na siku zikapita.

Tunu alipovunja ungo nilimkabidhi kwa somo wake, Bi Maulida. Somo ndiye mwanamke anayemfundisha binti mambo ya utu uzima, na yakishakuwa mikononi mwake, bibi haulizi wala hachungulii. Maulida ni rafiki yangu tangu sisi wenyewe tulipokuwa wanawali. Anafundisha chuo cha Kurani cha wanawake uani kwake, na katika kijiji chetu ndiye anayejua kitabu kuliko sisi sote. Kila jioni alikuja na chupa ya uji wenye pilipili manga, akamnywesha Tunu kwa mkono wake mwenyewe, ingawa goti lake ni bovu na njia ya kwetu ina mteremko.

Siku hiyo ya sita nilivunja mwiko nikamuuliza. Nilimwambia mtoto anafua nguo nyingi mno. Maulida hakukasirika. Alinieleza taratibu kwamba hedhi inaweza kufika siku kumi na tano, ndivyo tulivyosoma, na ikizidi hapo ndipo tuseme ni ugonjwa.

"Tuhesabu, shoga," alisema. "Kumi na tano hazijafika."

Nikatulia. Nami nilisoma chuo hichohicho, nilijua anachosema ni kweli. Hata leo sisemi kitabu kina kosa. Kitabu kinamweleza mwanamke lini aswali na lini apumzike. Sisi ndio tuliochukua kipimo cha swala tukapimia damu ya mtoto.

Siku ya nane Tunu alianza kulalamika tumbo. Nilimtajia jirani yangu Mwishehe, mwenye pikipiki, kwamba mtoto tumbo linamsumbua, nikaishia hapo. Yeye hakuuliza tumbo la namna gani. Jioni aliporudi kutoka mjini Kisarawe alikuwa na karatasi mbili za vidonge vya aspirini. Aliziweka dirishani akagonga mara moja, akaondoka bila kuingia, kwa kuheshimu kwamba ndani kuna mwali. Nilimwombea dua. Nilimpa Tunu vidonge viwili asubuhi na viwili jioni, siku tatu. Maumivu yalipungua. Nguo ziliongezeka.

Siku ya kumi na moja nilisikia beseni, kisha kimya, kisha beseni tena. Alikuwa anafikicha kidogo, anapumzika. Akaniambia masikio yake yanavuma kama mashine ya kusaga. Nilishuka kwa Maulida. Alinishika mkono, akanihesabia kwa vidole vyangu mwenyewe mpaka kumi na moja, akasema bado nne tu, tuvumilie. Na mimi, mtu mzima niliyezaa watoto sita, nikapanda mteremko nikavumilia.

Siku ya kumi na mbili sikusikia maji.

Nilitoka na taa. Alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta, mikono yote miwili imo ndani ya beseni. Midomo yake ilikuwa kama iliyopakwa unga.

"Bibi," alisema, "nimechoka kufua."

Mwishehe alitubeba kwa pikipiki, Tunu katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, tumefungwa pamoja kwa khanga ili asianguke. Kwenye kituo cha afya walimtundikia maji na kuita gari la wagonjwa litupeleke Kibaha. Nesi mmoja alikuwa amemaliza zamu, mkoba begani, anakwenda kulala. Alipomwona Tunu aliurudisha mkoba mezani akapanda gari pamoja nasi. Njia nzima alikaa ameishikilia ile chupa ya maji juu kwa mkono, maana ndoano ilikuwa imekatika. Sikumuuliza jina, na hilo linaniuma.

Kibaha walitupokea vizuri. Daktari wetu alikuwa mwanamke kijana, Daktari Eugenia. Kabla hajasema lolote aliona Tunu anafumba macho kwa sababu ya dirisha, akachukua shuka akalitundika pale, chumba kikawa na kivuli. Hakuna aliyemwomba. Ndipo akaanza kuuliza. Je, mtoto alikuwa akivilia damu tangu mdogo? Meno ya utoto yalipong'oka, yalitoka damu muda gani? Wazazi wake ni ndugu? Nikajibu ndiyo, mama yake alikuwa mtoto wa dada yangu. Sikumwambia kwamba mimi ndiye niliyeposa, nikitaka damu isitoke nje ya ukoo. Kisha akauliza tumempa dawa gani nyumbani. Nikataja aspirini. Kalamu yake ilisimama.

"Hukujua, mama," alisema baadaye.

Tunu alihitaji damu haraka. Ya kwangu haikufaa, nina shinikizo la damu na umri umekwenda. Mwishehe alitoa, akarudi kijijini kutafuta wengine. Kesho yake asubuhi nilikuwa nimekaa nje ya wodi nikaona mtu anashuka kwenye pikipiki, shati limejaa vumbi jekundu la kwetu. Ni Mwalimu Telesphory. Alikuwa ameomba ruhusa shuleni. Aliniamkia shikamoo kama vile sijawahi kumtukana, akauliza chumba cha kutolea damu kiko wapi. Nilipoanza kusema habari za mwaka ule, alinikatiza kwa upole. Alisema Tunu anaandika insha nzuri kuliko wote darasani na anataka amalizie ile aliyoianza. Akaenda. Aliporudi alikuwa na pamba mkononi na soda, ile soda akampa Tunu.

Damu iliingia mifuko mitatu, na rangi ikarudi kidogo midomoni. Lakini ilikuwa inaingia huku na kutoka kule. Daktari Eugenia alikuja na majibu ya vipimo, akavuta kiti karibu na kitanda ili azungumze nasi sote wawili, si mimi peke yangu. Alisema kuna chembe ndogo katika damu zinazoziba jeraha. Amezihesabu za Tunu, ni nyingi za kutosha, wala hazipungui. Tatizo ni kwamba hazifanyi kazi.

Aligeuza karatasi akachora duara. Alisema mwili umejengwa na seli, na ndani ya kila seli kuna vifuko vidogo mno, havionekani kwa jicho. Vifuko hivyo hubeba vitu kutoka vinapotengenezwa kwenda vinapotakiwa. Kifuko hakijui njia. Kinaongozwa na protini, na protini hizo hazifanyi kazi moja moja, hushikana kadhaa zikawa kundi moja. Kundi hilo ndilo linalochagua kipi kipakiwe na kipelekwe wapi. Ikikosekana moja, kundi zima linavunjika. Rangi ya ngozi na ya macho huwekwa katika vifuko vya namna hiyo. Na zile chembe za kuziba jeraha nazo zina vifuko vyake, vyenye dawa ya kuziita chembe nyingine zije kusaidia. Kwa Tunu, alisema, huenda kundi moja ndilo limekosekana, ndiyo maana hana rangi na ndiyo maana damu haikati. Alisema huenda, kwa sababu kipimo cha kuthibitisha hakipo hapa. Albino wengi hawana tatizo hili la damu. Wachache wanalo.

Nilimuuliza kama protini si maharage na dagaa. Nilimwambia nilimlisha maharage kila siku, na kwamba kuku akichinjwa paja lilikuwa lake. Nilitaka ajue mtoto hakunyimwa chakula. Daktari aliniwekea mkono gotini. Alisema chakula nilimpa vizuri, inaonekana kwenye mifupa yake. Hizi protini nyingine mwili unazitengeneza wenyewe kwa maelekezo aliyopewa mtoto na baba na mama yake, na maelekezo hayo yalikuwa na neno lililofutika pande zote mbili.

Muda wote tulidhani Tunu amelala. Akafungua jicho moja.

"Kumbe nimejaa wapagazi wavivu," alisema.

"Si wavivu," daktari akamjibu. "Wanafanya kazi usiku na mchana. Hawana wa kuwaonyesha njia."

"Basi wapelekeni stendi ya Maili Moja wakaulize."

Daktari alicheka mpaka akajifuta macho. Nami nilicheka. Ilikuwa mara ya mwisho.

Waliagiza kutoka Dar es Salaam chembe hizo za watu wenye afya njema, zikaja ndani ya sanduku, mfuko mdogo wenye maji ya manjano. Nilishangaa kwamba maisha ya mtoto yanaweza kuwa ya rangi ya chai ya mchaichai. Zilipoingia, damu ilipungua sana. Jioni hiyo nesi alibadilisha shuka mara moja tu. Nilianza kupanga moyoni nitakavyomwangalia tukirudi: aspirini kamwe, jino lising'olewe bila daktari, kila mwezi vidonge vya kuzuia damu ambavyo Daktari Eugenia alisema vipo. Nilimuuliza Tunu anataka nini tukifika nyumbani. Alisema anataka mtu mwingine afue.

Asubuhi ya siku ya tano pale hospitalini alikunywa chai nusu kikombe, akasema kichwa kinamuuma upande mmoja. Nikamwita nesi, naye alikuja mbio. Tunu akasema taa zimekuwa mbili. Kisha akalala, na usingizi ule haukuwa usingizi. Daktari alisema damu imevujia kichwani. Walimhangaikia mpaka adhuhuri, watu wanne, jasho linawatoka, hakuna aliyekwenda kula. Adhana ya msikiti wa jirani ilipokwisha, Daktari Eugenia alitoka nje, akakaa kwenye benchi langu, akanishika mikono.

Amiri alitukuta nyumbani akitokea Tunduma, hajaoga, akamzika mwanawe na nguo za safari. Sisi wanawake hatuendi makaburini. Nilisimama mlangoni nikaona jeneza linatoka. Kwetu jeneza halibebwi na watu walewale mpaka mwisho. Mmoja anatoa bega, mwingine anaingiza lake, wa mbele wanarudi nyuma, na hivyo linakwenda kama linaelea, bila kuguswa chini. Mwishehe alikuwemo. Mwalimu Telesphory, ambaye ni Mkatoliki, alikuwemo. Nilikumbuka lile duara la daktari. Sikutaka kulikumbuka saa ile, lakini lilikuja.

Maulida alikuja msibani siku zote tatu. Alikaa ukumbini karibu na viatu, mahali pa mtu asiyefahamiana na wenye nyumba. Aliosha vyombo na goti lake lile. Alipokuja kunipa mkono, niliuficha wangu ndani ya khanga. Wanawake waliona. Kijiji ni kidogo, na kufikia arobaini maneno yalikuwa yamekwisha kuenea kwamba somo alimuua mwali kwa hesabu. Mabinti waliacha kwenda chuoni kwake, mmoja mmoja. Nilisikia hayo nikiwa nachambua mihogo, na sikuyakanusha. Moyo wangu ulikuwa unataka mtu wa kubeba lawama.

Lakini kila nikilala nilikuwa naona karatasi mbili za vidonge dirishani. Nazo hakuzileta Maulida.

Baada ya arobaini niliteremka kwake. Nilimkuta uani peke yake, mikeka imekunjwa, imeegemezwa ukutani. Amekonda. Alitaka kuinuka, goti likakataa, nikamwambia akae. Alianza yeye. Alisema anayarudia mahesabu yale kila siku, anaanza moja, akifika sita anaona mahali ambapo angesema twende hospitali, na kila akirudia anapapita palepale.

"Nilikushika vidole vyako," alisema. "Vyako mwenyewe, Mwanajuma."

Nikamwambia habari ya aspirini. Nikamwambia zile dawa zinawaharibu watu wa damu kama ya Tunu, kwamba kila kidonge kilikuwa kinafungua mlango ambao Mungu aliufunga nusu. Akauliza nani alizileta. Nikasema nilizinunua mimi. Mwishehe ana mke mjamzito na moyo mwepesi, na alichokifanya alikifanya kwa wema. Sikumtaja hapo, wala sitamtaja kijijini. Mwishehe mwenyewe nilimwambia tu kwamba daktari amekataza aspirini kwa mtoto yeyote anayevilia damu, awaambie na wenzake wa pikipiki. Akaitikia, akawaambia.

Maulida alilia bila sauti. Mimi nililia kwa sauti. Tulipomaliza nilimweleza kila kitu alichosema daktari, vifuko na kundi la protini na neno lililofutika pande mbili, na kwamba ile ndoa niliiposa mwenyewe. Nilichora duara mchangani kwa kijiti cha ufagio. Nilichora vibaya, nikafuta, nikachora tena. Aliuliza maswali kama mtu anayesoma juzuu ya kwanza. Aliuliza ni siku ngapi basi, akaniambia nitaje idadi. Nikamjibu kwamba nami nilimuuliza daktari hivyohivyo. Daktari alisema zikipita saba binti aende hospitali, na hata kabla ya saba, binti akilowanisha kitambaa kizima ndani ya saa moja au mbili, aende siku hiyohiyo.

Akarudia. Saba. Kitambaa kizima. Siku hiyohiyo. Alirudia kwa sauti ile ya chuoni, ya kuwaitikisha watoto, lakini uani hapakuwa na mtoto wa kuitikia.

Nilimwambia kesho nitampeleka mwenyewe mjukuu wa dada yangu mwingine, yule wa Msimbu, ana miaka kumi na miwili, akae mkekani kwake kama zamani. Nikasema nitakaa naye hapo hapo, watu waone. Maulida alitazama ile mikeka. Alisema hajui kama midomo yake itaweza tena kumwambia mtoto jambo lolote.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye mihogo, na mimi nina mteremko wa kupanda. Nilisimama, nikampa mkono. Aliushika kwa mikono yake miwili, akaushikilia, hakuuachia.

"Kesho uje na mtoto," alisema. "Na keshokutwa uje peke yako, Mwanajuma. Uje tu. Tukae."